KWENDA RUSINGA NA MFANGANO KWA NDEGE NA KWA CHOMBO

Neno "kisiwa" likitajwa, watu wengi wa Afrika ya Mashariki hufikiri mara moja juu ya Unguja, Pemba au Lamu, yaani visiwa vya bahari ya chumvi. Walakini Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, nalo lina visiwa vingi vilivyo karibu na mstari wa Ikweta, vyenye milima, miamba, mashamba na vijiji vya wavuvi. Katika sehemu ya ziwa iliyo ya Kenya, vinavyojulikana zaidi ni Rusinga na Mfangano. Vyote viwili vimo katika Kaunti ya Homa Bay, mahali ambapo Ghuba ya Winam inakutana na ziwa kuu.

Wako watu wa namna nyingi waendao huko: mwalimu aliyehamishiwa shule ya kisiwani, muuguzi wa zahanati, mfanyabiashara wa samaki, mtoto arudiye nyumbani wakati wa likizo, jamaa waendao mazishini, na wageni waendao kutembea tu. Kila mmoja wao ana maswali mawili. La kwanza ni hili: Njia ni ipi? La pili ni kubwa zaidi: Je, nitafika salama? Maelezo yafuatayo yajibu maswali hayo mawili, maana mtu aweza kuijua njia vizuri asifike, ikiwa hakujua tabia ya ziwa.

SAFARI ZA ZAMANI

Ziwa Victoria lilikuwa barabara kubwa kabla ya kuwapo barabara za motokaa. Wenyeji walisafiri kwa mitumbwi ya makasia, wakafanya biashara ya nafaka, samaki na vyungu baina ya visiwa na nchi kavu. Mwaka wa 1900 meli ya moshi iliyoitwa William Mackinnon ilishushwa majini huko Kisumu. Ilikuwa imeundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, na vipande vingi vikachukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi hata ziwani. Mwezi wa Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu, mji ambao wakati ule uliitwa Port Florence. Tangu hapo stima nyingine kubwa zaidi zikafuata, na kwa miaka mingi msafiri aliweza kupanda stima Kisumu akashuka Kendu Bay au Homa Bay bila ya kukanyaga vumbi.

Ndege nazo zilifika Kisumu mapema kuliko watu wengi wadhanivyo. Mwaka wa 1931 Kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta barua na abiria kutoka London mpaka Afrika ya Mashariki, na katika sehemu ya njia hiyo zilitumiwa ndege za kutua majini. Ndege za namna hiyo zilikuwa na tumbo kama la mashua. Hazikuhitaji kiwanja kilichosawazishwa, maana ziwa lenyewe lilikuwa kiwanja chao. Mwaka wa 1937 ndege kubwa za kutua majini zilianza kupita Kisumu katika safari ndefu ya kutoka Southampton mpaka Durban. Kazi ya kuziongoza haikuwa nyepesi. Ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,134, na mahali palipo juu hivyo hewa ni nyembamba zaidi, kwa hiyo ndege yenye mzigo mzito hukimbia mbali juu ya maji kabla ya kunyanyuka.

Ndege hizo za majini zimekwisha kuondoka. Stima za abiria za kila juma katika Ghuba ya Winam nazo zilikoma. Mojawapo ya mambo yaliyoziletea taabu ni gugu la majini, lile jani la kijani lenye maua ya zambarau lielealo kama zulia. Gugu hilo lilienea sana ziwani katika miaka ya 1990 hata likaziba bandari ya Kisumu. Hata baada ya kupungua, upepo huweza kulisukuma usiku mmoja likafunga pwani iliyokuwa wazi jana yake.

KUTOKA NAIROBI HATA KISUMU

Msafiri wa leo atokaye Nairobi aweza kufika Kisumu kwa basi au matatu kwa barabara ya kilomita 350 hivi, au kwa ndege kwa muda usiofika saa moja. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kandokando ya ziwa. Ulipanuliwa, na mwaka 2012 ukafunguliwa kuwa uwanja wa kimataifa. Abiria aketiye dirishani huona maji ya ghuba yametandazwa chini yake, na mashua za wavuvi zimetawanyika juu yake kama punje za mchele.

Tena huko Rusinga kuna kiwanja kidogo cha ndege, ambako hutua ndege ndogo za kukodi, hasa zile zinazoleta watalii kutoka mbuga ya Maasai Mara. Njia hiyo ni nyepesi lakini ni ya gharama kubwa, wala si ya mtu mwenye mshahara wa kawaida. Kwa watu walio wengi, ndege huishia Kisumu, na kutoka hapo hapana budi kushika barabara na kisha maji.

KUTOKA KISUMU HATA MBITA

Mbita ni mji mdogo wa pwani ulio mkabala wa Rusinga, nao ndio mlango wa visiwa vyote viwili. Ziko njia mbili za kuufikia.

Njia ya kwanza ni ya kusini. Msafiri hupita Ahero, Kendu Bay na Homa Bay, akizunguka ghuba kwa nchi kavu mpaka Mbita. Safari hii huchukua kadiri ya muda wa saa tatu kwa motokaa, na haina maji hata kidogo.

Njia ya pili ni ya kaskazini. Msafiri hupita upande wa Bondo mpaka bandari ndogo ya Luanda K'Otieno katika Kaunti ya Siaya, mwendo wa saa mbili hivi kwa motokaa. Hapo hupanda feri, ambayo huchukua watu, mizigo na motokaa, ikavuka mdomo wa ghuba mpaka Mbita kwa muda wa karibu saa moja. Feri ni chombo kipana chenye uzito, kwa hiyo hustahimili mawimbi kuliko mashua. Faida ya njia hii ni kwamba hufupisha safari ya watu watokao Siaya, Busia na magharibi ya Kenya. Hasara yake ni kwamba feri ina saa zake, na achelewaye hungojea inayofuata.

RUSINGA NA MFANGANO

Kutoka Mbita kwenda Rusinga hakuna taabu. Hapo kale watu walivuka mlango mwembamba wa maji kwa mitumbwi. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe na udongo kutoka Mbita hata kisiwani, na motokaa zikaanza kupita. Lakini tuta lile liliyazuia maji ya ghuba yasipite kama ilivyokuwa desturi yake, na wavuvi wakalalamika. Baadaye pakajengwa daraja, ili watu wapite juu na maji yapite chini.

Sifa ya Rusinga imeenea mbali. Mwaka 1948 Bibi Mary Leakey alifukua hapo fuvu la nyani wa kale sana, aliyeishi kadiri ya miaka milioni 18 iliyopita, na mwaka huohuo akalipeleka Uingereza kwa ndege ili wataalamu walichungue. Kwa kuwa wakati ule hapakuwa na tuta wala daraja, fuvu lile lilivuka maji kwanza ndipo likapanda ndege. Rusinga pia ndipo alipozikwa Bwana Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Yeye alikuwa miongoni mwa viongozi wa mpango wa kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kwa ndege. Kundi kubwa la kwanza, la wanafunzi 81, liliondoka mwaka 1959.

Mfangano ni habari nyingine. Kisiwa hiki kiko mbali zaidi, kina mlima mrefu katikati yake, na hakuna daraja la kukifikia. Wenyeji wake ni Abasuba, na katika miamba ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya kale ya duara na miale, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Kutoka Mbita mpaka Mfangano ni mwendo wa kadiri ya saa moja na nusu kwa mashua ya mtambo, kupita karibu na kisiwa kidogo cha Takawiri. Na hapo ndipo msafiri aingiapo katika mikono ya ziwa lenyewe.

TABIA YA UPEPO

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Maji mengi kiasi hicho hutengeneza upepo wake yenyewe, na sababu yake si vigumu kuifahamu.

Jua lipandapo, nchi kavu hupata joto upesi, lakini maji hupata joto polepole. Hewa iliyo juu ya nchi hupashwa moto, ikawa nyepesi na kupanda juu. Hewa ya baridi iliyo juu ya ziwa huja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa mchana, utokao ziwani kuelekea nchi kavu. Asubuhi huwa ni mdogo au haupo, na maji hutulia kama kioo. Kuanzia saa sita hivi huanza kuvuma, na alasiri huwa na nguvu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo za pande zote zikikutana katikati ya ziwa, hewa hupanda kwa nguvu, na mawingu ya radi hujengeka. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwa kuu huanguka usiku na kabla ya mapambazuko, jambo ambalo wavuvi wa omena hulijua sana, maana kazi yao hufanywa usiku kwa taa.

Tena ghuba si ya kina kirefu kama ziwa kuu. Upepo ukipiga maji yasiyo na kina, mawimbi huwa mafupi, yenye kusimama wima na kufuatana kwa karibu. Mawimbi ya namna hiyo huijaza mashua maji upesi kuliko mawimbi marefu ya bahari. Mtu aliyezoea pwani ya Mombasa asidhani kwamba ziwa ni dogo, basi na hatari yake ni ndogo.

Sasa tumchukue msafiri mmoja, tuihesabu safari yake. Aondoka Nairobi kwa ndege saa nne ya asubuhi. Kabla ya saa tano na nusu ametoka uwanjani Kisumu. Apanda motokaa, na saa saba na nusu yuko Luanda K'Otieno. Angojea feri, avuka, na saa tisa u nusu yuko Mbita. Afurahi kwamba katika siku moja ametoka mji mkuu mpaka mlangoni mwa visiwa. Aiona mashua ya mwisho ya Mfangano imekwisha kujaa, naye apanda kwa haraka, aketi juu ya magunia. Ndege imempa mwendo wa upesi, lakini upesi huo umemfikisha majini katika saa mbaya kuliko zote, na katika chombo kibaya kuliko vyote. Kama angalilala Mbita usiku mmoja, angalivuka kesho yake saa moja ya asubuhi juu ya maji matulivu.

CHOMBO KILICHOJAA KUPITA KIASI

Upepo peke yake si mwuaji mkubwa. Vyombo vingi hupinduka kwa sababu vimepakiwa kupita kiasi. Mashua iliyopakiwa sawasawa huacha sehemu kubwa ya ubavu wake juu ya maji. Kila mtu na kila gunia liongezwalo huizamisha kidogo, hata wimbi dogo laweza kuingia. Mzigo ukiwekwa juu, au watu wakisimama, uzito hupanda juu, na chombo kikiinama hakina tena nguvu ya kujirudisha.

Mambo hayo yamethibitishwa kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Tanzania iitwayo MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikiwa imejaa abiria, na watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800 wakafa. Baadhi walikuwa hai ndani ya tumbo la meli iliyopinduka. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa ikiieleza meli ilitoka, nayo ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 feri MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Feri hiyo ilipimwa ichukue watu wapatao mia moja, nayo ilichukua zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo. Wakafa watu zaidi ya 220, wengi wao wakiwa wameona nchi kavu mbele ya macho yao.

Wala ndege nayo haiwezi kulidharau ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka majini karibu na uwanja. Watu 43 walikuwamo, na 19 wakafa. Waliookoka waliokolewa kwanza na wavuvi waliofika kwa mitumbwi yao. Hao hawakuwa na mitambo mikubwa. Walikuwa na makasia, kamba, na ujuzi wa maji.

Yafaa kukumbuka kwamba kwa mgeni hatari hii ni ya siku moja, bali kwa mtu wa Mfangano ni ya maisha yote. Mama mjamzito apatapo taabu isiyowezekana kutibiwa kisiwani, mashua ndiyo motokaa yake ya wagonjwa, na huenda ikampasa kuvuka usiku. Kwa hiyo mashua nzima, mtambo mzima na nahodha mwenye busara si anasa kwa watu wa visiwani.

MAMBO YA KUSHIKA

Msafiri aendaye visiwani na ashike mambo haya:

1. Apange safari yake kuanzia majini, si kuanzia Nairobi. Achague kwanza saa ya kuvuka, yaani asubuhi, ndipo achague ndege au basi litakalomfikisha kwa wakati. Ikiwa atafika Mbita alasiri, na alale huko.

2. Asubuhi atazame mbingu kabla ya kupanda. Katika miezi ya masika na ya vuli dhoruba ya usiku huweza kuchelewa kuondoka. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa ziwa. Aulize, tena awaulize na wavuvi wazee wa bichi hiyo.

3. Adai jaketi la kuokolea maisha, alivae na kulifunga kabla mashua haijaondoka. Jaketi lililofungwa chini ya magunia halimwokoi mtu.

4. Ahesabu watu. Akiona maji yamekaribia ukingo wa mashua, ashuke. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

5. Aketi chini, mzigo uwekwe chini na katikati. Mashua ikikaribia gati, watu wasisimame wote wala wasikimbilie upande mmoja.

6. Chombo kikipinduka, mtu asijaribu kuogelea mpaka pwani iliyo mbali. Mashua ya mbao huelea hata ikijaa maji. Aishike, na wote wakae pamoja, maana kundi la watu huonekana upesi kuliko kichwa kimoja.

Wenye mashua nao wana wajibu wao. Abiria mmoja zaidi huleta shilingi chache, lakini jina baya la chombo kilichoua watu halifutiki bichi hata vizazi viwili. Nahodha akataaye kuondoka wakati upepo umekwisha kubadilika asilaumiwe kuwa mwoga, bali ashukuriwe.

Siku hizi safari ya visiwani ni fupi sana kuliko siku za wapagazi waliobeba meli ya William Mackinnon. Ndege, lami, feri na daraja vimeipunguza njia. Walakini kipande kile cha mwisho, kutoka Mbita hata Mfangano, bado chatawaliwa na upepo uleule uliowatawala mababu katika mitumbwi yao. Wao hawakuwa na haraka. Walikaa pwani wakingoja maji yatulie, ndipo wakashika makasia. Wahenga walisema, "Kawia ufike." Msafiri na alale Mbita, avuke asubuhi.